Panzi Aliyesingiziwa na Nondo Aliyenyamaza

Mkiniona jioni nimesimama chini ya taa ya barabarani, nimeinua uso kama mtu anayetafuta mwezi wa Ramadhani, msinionee huruma. Akili zangu ziko sawa. Natazama nondo. Ndiyo kazi iliyonilea, na macho yangu mpaka leo hayajapata habari kwamba nilistaafu.

Nilifanya kazi hapa Isiolo katika ofisi ya misitu, upande wa wadudu. Upande ni neno kubwa. Tulikuwa na banda la mabati, meza ndefu, na kabati lililonuka naftalini, zile tembe nyeupe ambazo mama zenu hutia kwenye sanduku la nguo kufukuza nondo. Sisi tulihangaika mchana kutwa kutafuta nondo, halafu tukawalaza ndani ya harufu wanayoikimbia. Mume wangu, Mungu amrehemu, alikuwa akisema anajua kwa harufu kwamba nimefika kabla sijafungua lango.

Nilikuja hapa miaka ya sabini, msichana kutoka milima ya Nyambene, ambako msitu ni mzito na mvua haiombwi. Nilipofika nikaona jua, vumbi na ngamia, na swali langu la kwanza kazini likawa: msitu wenyewe uko wapi? Mzee aliyetumwa kunipokea alinipeleka kwa miguu hadi mtoni, akanionyesha miti ya migunga na mikoma iliyosimama kando ya maji.

"Ndio huu," akasema. "Ni mwembamba, lakini ni mrefu."

Huyo ndiye Mzee Galgalo. Alikuwa Mborana wa upande wa Sericho, mrefu, mkimya, mswaki mdomoni toka asubuhi mpaka jua lizame. Alianza kazi hii kabla ya uhuru, akiwabebea wageni nyavu na masanduku, na wageni walipoondoka yeye akabaki na elimu. Yote ninayowaambia leo ni yake. Yangu ni maneno tu.

Basi tuanze na wadudu wenyewe, maana najua wengi wenu mmewaona bila kuwatazama.

Wa kwanza ni panzi jani. Si yule panzi wa kahawia anayerukaruka barabarani mnapokwenda shule. Huyu ni wa kijani kibichi, mabawa yake yana mishipa kama ya jani, na pembe zake ni nyembamba kama uzi, ndefu kuliko mwili wake. Ukimtafuta hutamwona. Utaona jani, na jani likitembea ndipo utajua. Ndugu yake wa karibu ni senene, yule anayekaangwa kule Uganda. Jike ana kitu kama jambia nyuma, na watu humkimbia wakidhani anachoma. Hachomi mtu. Ni chombo cha kupasulia gome ili atie mayai.

Wa pili ni nondo. Nondo mnayemwona anazungukazunguka taa ni mnyama ambaye maisha yake yamekwisha nusu. Alishakuwa yai, akawa kiwavi, akajifuma ndani ya kifukofuko, na sasa ametoka na mabawa. Kuna nondo wakubwa wa migunga ya hapa kwetu ambao wakishapata mabawa hawana hata mdomo wa kulia. Walikula wakiwa viwavi, wakala kwa maisha yote. Panzi jani yeye hana mambo hayo. Mtoto wake anazaliwa akifanana na baba, amepungukiwa na mabawa tu, na wote wanakula chakula kimoja mpaka kufa.

Na jambo la tatu, ambalo ndilo la hadithi hii: panzi jani analia. Dume husugua bawa kwa bawa na sauti yake inakata jioni kama kisu kwenye jiwe la kunolea. Masikio yake yako kwenye miguu ya mbele, chini kidogo ya goti. Msicheke, niliwahi kuyaona kwa kioo cha kukuzia. Nondo hasemi kitu. Dume lake lina pembe kama kitana, na kwa hizo hunusa jike lililo mbali, hata upande wa pili wa mto.

Siku yangu ya kwanza porini nilimshika panzi jani kwa mguu mmoja wa nyuma. Nikabaki na mguu mkononi, nao mguu ukaendelea kurusha teke. Mzee Galgalo akautazama, akaniambia kwamba sasa nina mguu, na panzi ameenda na sehemu iliyobaki. Panzi jani hushikwa kwa miguu yote miwili ya nyuma kwa pamoja, karibu na mwili. Nondo hashikwi kabisa. Ule unga unaobaki vidoleni mwenu ni magamba ya mabawa yake, ni kama mmemvua nguo. Mfunike kwa chupa, upitishe karatasi chini yake polepole.

Mzee aliwatafuta panzi kwa masikio. Tulikuwa tukitembea kando ya mto, jua likielekea kulala, naye anasimama ghafla na kuinua kidole. Ananionyesha tawi. Mimi nasikia kelele kila mahali, nyika nzima inalia, yeye anasikia mmoja mmoja. Aliwajua kama nyinyi mnavyojua miito ya simu zenu. Alikuwa akiniambia huyu ni wa mtoni, huyu ni wa kwenye mti wa mswaki, huyu amepotea njia, kwao ni juu mlimani. Ilinichukua miaka kujua nusu ya hayo.

Tulikuwa na vituko pia. Wakati mmoja tulitundika shuka jeupe na taa ya kandili karibu na Burat, jioni, ili nondo waje watue. Hatukufikiria kwamba kambi ya jeshi iko jirani. Wanajeshi walikuja wakitaka kujua tunampa nani ishara. Mzee aliwaeleza habari za nondo kwa utulivu, kwa muda mrefu, kiasi kwamba yule mkubwa wao akaanza kupiga miayo. Mwishowe akauliza kama shuka hilo linakamata mbu, na kama tunaweza kutundika jingine karibu na mahali wanapokula.

Sasa niwaambie habari ya ule mwaka mbaya.

Ulikuwa mwanzoni mwa miaka ya themanini. Mvua ilikuja kidogo, ikaondoka mapema. Wafugaji wakarudi mtoni na mifugo, kama kawaida, wakitegemea migunga. Nyinyi mnaoishi mjini labda hamjui kwamba ule mgunga mkubwa wenye kichwa kama mwavuli, ambao Waborana huuita dadacha, ndio ghala la mbuzi wakati wa kiangazi. Majani wanakula, na maganda ya mbegu yakianguka wanayaokota kama watoto wanaookota peremende. Mwaka huo walikuta migunga ya Burat iko uchi. Matawi yalikuwa meupe, vijiti vitupu, kama kwamba moto umepita bila kuacha jivu.

Halafu mbuzi wakaanza kufa. Walivimba matumbo, wakakataa kula, wakalala na kukoroma, na hawakuamka. Aliyeumizwa zaidi alikuwa Mama Khadija, mjane aliyeuza maziwa mjini na kulea watoto kwa mbuzi wake. Kila asubuhi alikuwa akiburuta mzoga mwingine nje ya boma.

Watu walitaka kujua adui ni nani, na adui alikuwa akijitangaza mwenyewe kila jioni. Panzi jani mwaka huo walikuwa wengi kwenye vichaka vya mtoni, na walilia mpaka watu wakapandisha sauti kuongea. Ikasemekana ndio wamekula migunga, na kwamba wanatema sumu kwenye nyasi na mbuzi wanaimeza. Chifu akaita baraza. Pendekezo lilikuwa moja: vichaka vyote vya kando ya mto vichomwe, kuanzia Burat kushuka chini, ili panzi wafe na mayai yao. Na mjue, kichaka kile kikichomwa wakati wa kiangazi moto hausimami. Ungekula vichaka, ungekula migunga, na kingo za mto zingebaki udongo mtupu wa kuchukuliwa na mafuriko.

Bwana Wafula, afisa wetu, alikuwa kijana mgeni katika wilaya. Hakutaka kuchoma, lakini hakuwa na neno la kuwapa watu. Akamwomba Mzee Galgalo azungumze, maana watu walimheshimu na ni wa kwao.

Baraza lilifanyika uwanjani mbele ya maduka ya Burat, na likachukua muda, kila mtu alitaka kusema. Mzee aliposimama jua lilikuwa limeshaanza kuwa jekundu. Aliwasalimu watu, akaeleza kwamba ameona viwavi kwenye magome ya migunga, na kwamba anaona hii ni kazi ya nondo. Watu wakanung'unika. Viwavi wako kila mwaka, wakasema, na nondo ana nguvu gani? Ndipo akasema lile neno.

"Panzi mnaowasingizia hawako. Nimetembea mto huu tangu mvua iishe, sijasikia hata mmoja. Mnataka kuchoma nyumba ya mtu ambaye amehama."

Kukawa kimya. Na katika kimya kile, vichaka vyote vya nyuma yake vilikuwa vinalia. Panzi walikuwa wameanza tangu Mzee alipokuwa anasalimu. Walilia kwa nguvu kiasi kwamba mtoto mmoja aliyebebwa mgongoni aligeuza kichwa kutazama kule.

Mama Khadija alikuwa ameketi mbele. Uchungu ulikuwa umemfanya mkali.

"Mzee," akasema, "nyamaza kidogo uwasikie. Wanakujibu."

Watu walicheka. Walicheka wote, wazee kwa vijana, hata chifu akaficha mdomo. Mzee Galgalo alisimama pale akiwatazama, uso wake ukiuliza ni kitu gani. Alidhani labda kofia yake imepinda, akaigusa. Halafu akanitafuta mimi katika watu, na macho yetu yakakutana, na nikaelewa. Mtu aliyenifundisha kusikia hakuwa akisikia.

Tulirudi mjini kwa miguu, mimi na yeye. Bwana Wafula alibaki kumsihi chifu ampe siku chache, na chifu akakubali, lakini kwa shingo upande. Njiani nilitembea nyuma kidogo. Sikujua mtu anaanzaje kumwambia mzee wake jambo kama lile. Kwetu Meru mtoto hamwambii baba kwamba amezeeka. Nadhani hata kwao ni hivyo. Lakini nilijua asiposikia kwangu atasikia kwa wacheshi wa sokoni.

"Mzee, walikuwa wanalia," nikamwambia.

"Wakati gani?"

"Ulipokuwa unaongea. Nyuma yako."

Akatembea kidogo. "Wengi?"

"Wengi sana."

"Na sasa?"

"Hata sasa, Mzee. Hapa hapa."

Akasimama. Akauondoa mswaki mdomoni, kama kwamba ndio unaoziba, akageuza kichwa huku, akageuza kule. Nilisimama naye. Mto mzima ulikuwa unapiga kelele.

"Nasikia maji," akasema. "Nasikia mbwa wa kule. Nakusikia wewe." Akanigeukia. "Kanana, mimi nilidhani wamekufa. Mwaka juzi nilisema mwaka huu ni wachache. Mwaka jana nikasema wamekwisha. Nimewahuzunikia, nikatafuta ni dawa gani ya mashambani imewaua."

Akaurudisha mswaki mdomoni tukaendelea na safari.

Niliogopa kwamba kesho yake hatakuja kazini. Nilimkuta amefika kabla yangu, amevaa shati safi, amesimama mlangoni kwa Bwana Wafula. Nilikuwa ndani nikipanga visanduku, kwa hiyo nilisikia. Alimwambia afisa kwamba masikio yake yamekufa upande wa panzi, kwamba jana aliwadanganya watu bila kujua, na kwamba akifutwa kazi hatalalamika. Kisha akasema, "Lakini miti, Bwana, sikuitazama kwa masikio."

Bwana Wafula angeweza kufanya mambo mengi asubuhi ile. Alivuta kiti, akamwambia mzee aketi, akaagiza chai. Kisha akasema kwamba chuoni walifundishwa njia moja ya kumjua mla majani bila kumwona: unatandika shuka jeupe chini ya mti, unaliacha lilale hapo, na asubuhi unasoma kilichoanguka. Mavi hayadanganyi, akasema, halafu akaomba radhi kwangu kwa lile neno. Nimeolewa, nikamwambia, na nina mtoto mchanga. Nimeona zaidi ya hayo.

Jioni ile tulichukua mashuka yetu ya nondo tukayatandika chini ya migunga ya Burat, ile ambayo bado ilikuwa na majani kidogo. Jua lilipochomoza tulikuwa hapo. Chifu alikuja na wazee wake, na watu wengine waliokuja kucheka tena.

Sikilizeni hapa, maana ni elimu ya bure. Mavi ya panzi jani ni marefu membamba, kama punje ya mchele iliyoungua. Ya kiwavi mkubwa ni mafupi, ya mviringo, na yana mifereji kando kama pipa dogo lililochongwa. Ukiyaona mara moja huyasahau. Mzee Galgalo alipiga magoti, akayakusanya kwa kiganja, akayagawa mafungu kwenye shuka. Fungu la mapipa lilikuwa kubwa. La punje za mchele lilikuwa dogo tu. Akawaonyesha na matawi: panzi anauma hapa, anauma kule, anahama tawi, kama mgeni mwenye adabu. Kiwavi anaanza nchani na kurudi nyuma, hamwachii mtu kitu. Akawapeleka kwenye shina la mgunga, akamwonyesha chifu gome, na chifu akatazama sana kabla ya kuruka nyuma. Gome lilikuwa limejaa viwavi wenye manyoya, wamejibana, rangi moja na mti.

Mzee mmoja akasema sawa, majani tumeelewa. Na mbuzi? Kiwavi anauaje mbuzi? Hapo Mzee Galgalo na Bwana Wafula wakatazamana. Nilimwona chifu akitazama upande wa vichaka.

Jibu lilikuja na Mama Khadija. Alitokea bomani mikono imejaa damu. Alikuwa na mbuzi jike aliyevimba tangu jana, na alfajiri alimwita jirani amchinje kabla hajajifia, angalau apate nyama. Walipofungua tumbo walikuta donge. Alilibeba kwenye bakuli, akaja akalimwaga juu ya shuka letu jeupe, mbele ya miguu ya Mzee Galgalo. Lilikuwa kubwa kama ngumi mbili, la kijivu, limefungamana kama blanketi lililoloa.

"Nimevuta kwa mikono yote, halikatiki," akasema. "Mzee, nisaidie. Ni panzi gani anayefuma nguo?"

Mzee akalichukua. Akachambua kidogo kwa kucha, akavuta uzi, ukatoka mrefu na kung'aa. Nilimwona akitabasamu kwa mara ya kwanza tangu baraza. Alitembea mpaka kwenye mti mwingine, akachuma kitu kilichoning'inia kwenye tawi, akarudi nacho. Kwa mbali ungedhani ni ganda la mbegu la mgunga, la kijivu, lililojikunja. Kilikuwa kifukofuko cha nondo. Akakipasua kwa kisu. Ndani alilala mdudu wa kahawia anayetikisika kidogo, na ganda lake lilikuwa uzi ule ule.

Kila mtu aliona bila kuelezwa. Viwavi walimaliza majani, wale waliokomaa wakajifuma kwenye matawi na vigogo, vifukofuko vikaanguka chini penye maganda. Mbuzi wenye njaa waliokota vyote pamoja. Tumbo la mbuzi linajua kusaga mwiba, lakini hariri halijui.

Mama Khadija alikaa chini pale pale. "Nimewapeleka mimi mwenyewe chini ya miti," akasema. "Kila siku nilikuwa natikisa matawi waokote."

Mzee akachuchumaa karibu naye. Alimwambia kwa Kiborana maneno ambayo sikuyapata yote, lakini nilipata haya: kwamba hata yeye ametembea chini ya vifukofuko vile mwezi mzima akiwa ameinama.

Hakuna aliyechoma kichaka hata kimoja. Tulitoka wote na fito ndefu na madebe, tukapukutisha vifukofuko na kuviteketeza kwenye mashimo, na mbuzi wakahamishiwa upande wa pili wa mto. Viwavi wale wana manyoya yanayowasha, na kwa muda wa wiki nzima Burat ilijikuna. Waliojikuna msikitini walijikuna, na sisi kanisani tulijikuna hadi mhubiri akafupisha mahubiri. Akina mama walitupaka samli. Mimi nilinyonyesha mtoto nikiwa nimejifunga kanga mikononi.

Sitawadanganya kwamba mambo yalikuwa mazuri baada ya hapo. Maganda ya mwaka ule yalikuwa haba, mbuzi wengi walikuwa wameshakufa, na Mama Khadija alianza upya na majike machache sana. Lakini mvua iliyofuata ilikuta migunga imesimama. Ilichipua yote. Mkienda Burat leo mkaketi kivulini kando ya mto, mjue kivuli hicho kilikaribia kuwa mkaa.

Bwana Wafula alimpeleka Mzee hospitali ya mjini. Daktari akasema ni umri, sauti nyembamba ndizo hutangulia kuondoka, na hakuna dawa. Afisa hakumfuta. Alimpa chumba cha kulelea viwavi, kazi ya macho na mikono, na mimi nikawa natembea mto peke yangu na kurudi kumsimulia nani analia wapi. Baadaye zilikuja mashine za kaseti zenye sindano inayorukaruka sauti ikipita, na wageni walishangaa kwamba anayependa kuitazama ile sindano kuliko wote ni mzee asiyesikia. Alilea nondo wazuri. Alikuwa akisema kwamba maisha yake yote aliwapenda wapiga kelele, na sasa Mungu amemkalisha na wanyamavu ili awajue nao.

Alipostaafu alirudi Sericho kwa binti yake. Mama Khadija alikuja kumuaga kwenye lori akiwa na mbuzi jike mchanga, akamkabidhi kamba mkononi, na hakutaka kusikia neno lolote. Mbuzi huyo alizaa sana. Nilipata habari zake kila lori la Sericho lilipofika mjini.

Lakini ninayoikumbuka zaidi ni jioni moja kabla hajaondoka. Tulikuwa tumemaliza kazi, tumeketi nje ya banda na chai. Akaniuliza bado wanalia vipi, wale wa mtoni. Nikajaribu kumwigia. Akacheka mpaka chai ikamwagika, akasema afadhali angemwuliza punda.

Nikainuka nikaenda mtoni. Nilimpata dume kwenye mti wa mswaki, nikamshika kwa miguu yote miwili kama nilivyofundishwa, nikamtia ndani ya boksi jembamba la sabuni lililotobolewa. Nilirudi nikamwekea Mzee juu ya kiganja. Nikamwambia asisogeze mkono.

Panzi jani akisumbuliwa hunyamaza. Tulingoja. Chai ilipoa. Mara moja au mbili Mzee alinitazama, nami nikatikisa kichwa, bado. Halafu ndani ya boksi bawa likasugua bawa, kwa kusitasita kwanza, kisha kwa nguvu zote. Nilifungua mdomo nimwambie. Sikuhitaji. Vidole vyake vilikuwa vimejifungua, na mkono wa pili ulikuja taratibu ukafunika boksi kutoka juu. Akafumba macho. Kidole chake kimoja kilianza kugongagonga pamoja na mdudu, kinakwenda, kinasimama, kinakwenda.

"Ni wa mtoni," akasema. "Na ni kijana. Hajajua kupumzika."

Msikitini adhana ya magharibi ikaanza. Nilimgusa begani ili ajue wakati wa sala umefika.

"Nimemsikia," akasema, macho bado yamefumbwa, kiganja bado juu ya boksi, na mimi sikumsahihisha.